Mzee Tano na Kiwiko cha Binti Yake

Mikono ya yule mama ilikuwa na habari zake. Walimwita Koleo, na kwa jina hilo hakuonewa. Kifuniko cha chupa kikishawashinda wanaume watatu, analetewa yeye, na kabla hajakigusa chupa inajifungua yenyewe kwa hofu. Siku moja alimkanda dereva wa lori mgongo. Dereva alipoinuka kitandani alikuwa amerefuka kidole kizima, suruali ikamkomea juu ya vifundo, na mkewe nyumbani akataka kujua amevaa suruali ya nani. Asiyeamini akamuulize huyo mke.

Chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya kinyozi. Kilikuwa na kitanda kimoja kirefu chenye godoro lililopasuka pembeni, rafu ya taulo, chupa mbili za mafuta, na pazia la plastiki mahali pa mlango. Pazia hilo halikuzuia sauti hata kidogo. Mtu akikandwa huku ndani, walioketi kwenye benchi la kinyozi kule mbele walisikia kila mguno, na kinyozi mwenyewe alishajizoesha kuinua wembe kila mlio unapoanza, asije akamchinja mtu.

Mwanzoni Koleo alikuwa na shida moja tu. Mteja anamwambia, "Nikande kidogo," naye anakanda kidogo, na mteja anatoka kwa magoti. Kumbe kidogo ya huyu siyo kidogo ya yule. Akaona heri ziwepo namba. Akachukua chaki, akaandika ukutani moja mpaka tano. Moja ni mkono kupita juu ya ngozi kama mtu anayepakwa losheni. Mbili, ngozi inasogea. Tatu ni kama kukanda unga. Nne ni vidole gumba vinavyokwenda kutafuta mfupa ulipo. Tano ni kiwiko, na juu ya kiwiko hicho mama mzima na mwili wake aliojaliwa.

Ilikuwa akili nzuri, na ingebaki nzuri kama si wanaume wa mtaa ule. Haukupita mwezi namba zikawa vyeo.

"Wewe ni ngapi?" wanaulizana kwenye benchi.

"Tatu."

"Tatu! Hata mama mkwe wangu ni tatu!"

Fundi seremala alipiga kelele akiwa kwenye nne, benchi zima likasikia, na kwa aibu akahamia kunyolewa mtaa wa pili mpaka nywele zake zikakosewa mara tatu akarudi. Tangu hapo hakuna aliyesema namba ambayo mgongo wake ulihitaji. Walisema namba ya kusikiwa na benchi.

Na tano alikuwa mmoja peke yake. Huyo alikuwa baba yake Koleo, fundi saa, mzee mwembamba kama kijiti cha kibiriti, ambaye kazi yake yote ilikuwa ya vitu visivyoonekana bila kioo jichoni. Kila Jumamosi asubuhi alikuja na soksi zake miguuni, akalala kifudifudi. Binti alipanda juu ya kigoda, akaweka kiwiko kwenye lile bonde lililo kati ya shingo na bega, akaegemea.

"Nipunguze, Baba?"

"Ongeza, mwanangu."

Kitanda kinalia, mbao zinalia, hata bomba la maji ukutani linalia. Mzee kimya. Akitoka nje benchi zima linasimama kumpisha. "Mzee Tano! Karibu ukae, Mzee Tano!" Naye anakaa, amenyooka, anatabasamu kidogo kwa upande mmoja wa mdomo.

Koleo alimpenda baba yake kwa hilo kuliko kwa kumzaa. Alipoanza kazi hakuna aliyetaka kukandwa naye, na mzee ndiye aliyejilaza kwa mara ya kwanza, akatoka akawaambia watu, "Binti yangu ana mkono." Miaka kumi na moja sasa, mtaa mzima ulikuwa umejengwa juu ya neno hilo.

Halafu akaja wifi yake.

Wifi huyu, dada wa mumewe, alikuwa amesomea kazi hiyo hiyo ya kukanda mwaka mmoja na nusu katika mji mwingine. Akapanga chumba ng'ambo ya uchochoro, ubavuni mwa dobi, akaweka kitanda chenye tundu la kutumbukizia uso. Koleo akaenda kumjaribu. Akalala, akatumbukiza uso tunduni, akasubiri kazi ianze. Mkono wa wifi ukapita mgongoni, ukarudi, ukakaa mahali, ukaondoka taratibu. Koleo akawa anahesabu vigae vya sakafu.

"Tumemaliza, wifi."

"Tumemaliza nini?"

"Kukanda."

"Mimi nilidhani unanipangusa vumbi!"

Akampa jina la Pamba, akalitangaza kwenye benchi, na wanaume wakacheka mpaka kinyozi akasimamisha kazi. Pamba alicheka pia. Hakuwa mtu wa kununa, na hilo lilimuudhi Koleo zaidi.

Sasa ikafika Jumamosi moja mzee hakuja. Alituma neno kwamba ana saa ya haraka. Jumamosi ya pili, saa ya haraka. Ya tatu, mafua. Benchi likaanza kuulizana iwapo Mzee Tano amepandishwa cheo amekuwa Sita, na anakandwa kwa tingatinga.

Jumatano mchana, jua likichoma, Koleo alikuwa anavuka uchochoro kwenda kwa dobi kuchukua taulo zake. Akaona mtu amevaa koti la mvua, limefungwa vifungo vyote, na wingu hakuna. Machoni miwani myeusi. Kichwani helmeti ya ujenzi, ya njano. Mtu huyo aliangalia kulia, akaangalia kushoto, akapenyeza ubavu kwenye mlango wa Pamba.

Koleo angemcheka tu, kama si viatu. Viatu vile alivinunua mwenyewe, na hakumnunulia mjenzi.

Taulo akazisahau. Akanyata mpaka dirishani, akachungulia mahali pazia lilipoacha nafasi. Helmeti ilikuwa juu ya kiti. Baba yake alikuwa amelala chali, amefumba macho. Pamba alikuwa ameketi upande wa kichwani, kiganja kimoja kimepita chini ya shingo ya mzee, kimetulia tu. Hakisugui, hakibonyezi, kimebeba kichwa kama mtu anavyobeba yai la jirani. Na mzee alikuwa anakoroma.

Koleo akatega sikio. Kwa miaka kumi na moja hakuwahi kumsikia baba yake akikoroma kwenye kitanda chake. Hakuwahi hata kujiuliza.

Akaingia na mlango.

"Baba!"

Mzee akashtuka, akapapasa kitini, akajitwika helmeti vile vile akiwa amelala. "Siye mimi," akasema.

"Wifi, polepole," Pamba akanong'ona. "Misuli ndiyo kwanza imeachia."

"Unamkanda namba ngapi?"

"Namba?"

"Namba! Ngapi!"

Pamba akafikiri. "Kwa hesabu zako labda moja. Labda nusu."

"Nusu! Baba yangu ni Tano!"

"Punguza sauti, wewe," mzee akasema chini ya helmeti. "Wa kinyozi watasikia."

Akaketi. Akavua helmeti, akaishika mapajani kwa mkono wa kushoto, na ule wa kulia akaunyoosha mbele ya binti yake kama mtu anayeonyesha kitu alichokivunja cha mwenzake.

"Haya, shika. Finya kidole cha mwisho. Finya kwa Koleo wako wote."

Koleo akafinya.

"Umeshaanza?" mzee akauliza.

Koleo akaangalia kucha ya kile kidole. Ilikuwa imekuwa nyeupe. Uso wa mzee haukusogea.

"Hicho na cha pete na nusu ya cha kati," mzee akasema. "Vimekufa ganzi, huu ni mwezi wa nne. Kibano hakikai. Skrubu zinaniponyoka, nazitafuta sakafuni na ufagio. Saa za watu zimelala kwenye droo, na kila anayekuja namwambia kesho."

"Kwa nini hukuniambia?"

 Pamba akainuka, akajifanya anapanga chupa ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Ulikuwa unaumia, Baba? Kwangu?"

"Ulikuwa unaniuliza kama upunguze, na pazia lile ni la plastiki. Ningesema nini?"

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

Koleo akakaa chini. Hakuchagua mahali, alikaa tu, pale pale kwenye vigae. Watu wanasema alikaa pale mpaka dobi akaleta taulo mwenyewe, akampita pembeni akidhani ni rundo la nguo chafu. Hilo la dobi limetiwa chumvi. Kukaa alikaa.

Kesho yake wakaenda kwa daktari, wote watatu. Daktari alikuwa kijana mwenye sauti ya upole. Alimgusa mzee shingoni, akamwinua mkono, akamwomba ashike karatasi kwa vidole viwili huku yeye akiivuta. Karatasi ikatoka kama haikushikwa na mtu.

"Nani amekuwa akimbonyeza hapa?" akauliza, kidole kikiwa kwenye lile bonde la shingo na bega.

Koleo akanyoosha mkono juu kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Kwa vidole?"

"Kwa kiwiko."

"Mara moja?"

"Miaka kumi na moja."

Daktari alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akamwangalia Koleo kana kwamba mara ya kwanza hakumwona vizuri. Halafu akaeleza. Katika bonde lile hakuna nyama peke yake. Hapo hupita mishipa ya fahamu inayoshuka mpaka kwenye vidole, na hiyo haipendi kugandamizwa. Ya mzee imechoka. Hakuona kilichokatika, lakini kurudi kwa vidole hakuwezi kuahidiwa. Pasiguswe kwa nguvu tena. Mzee atafanya mazoezi ya shingo aliyoonyeshwa, na kila siku afumbe macho, mtu wa nyumbani amguse vidole, naye aseme anachosikia. Warudi baada ya wiki sita.

"Na visiporudi?" Koleo akauliza.

"Kazi yake ni nini?" daktari akauliza.

"Fundi saa."

Daktari akaandika kitu.

Koleo akafunga chumba chake siku mbili. Siku ya tatu akavuka uchochoro, akasimama mlangoni kwa wifi yake, mikono nyuma.

"Nifundishe," akasema.

Pamba hakumcheka, ingawa alikuwa na haki. Akatoa mizani ya jikoni, ile ya mshale, akaweka juu yake taulo iliyokunjwa. "Bonyeza moja yako."

Koleo akaweka kiganja, akabonyeza kwa upole wake wote, upole wa kumgusa mgonjwa.

"Soma."

Mshale ulikuwa kwenye tatu na nusu.

"Kilo tatu na nusu," Pamba akasema. "Wifi, hiyo ni mtoto mchanga. Tena aliyeshiba."

"Mizani yako mbovu!"

Pamba akaweka mkono wake. Robo kilo. Akaongeza kidogo kidogo, mshale ukapanda bila kuruka, ukafika kilo tano, ukakaa pale umetulia kama umechorwa. Koleo akatoa macho. Kumbe Pamba alikuwa na nguvu zote hizo na alikuwa akizikalia!

"Nilidhani huwezi," akasema.

"Naweza. Ila siingii nyumba ya mtu kwa kuvunja mlango. Haya, lete tano yako tuione."

Koleo akaweka kiwiko. Mshale ukazunguka wote, ukagonga mwisho, kitu ndani kikalia *ting*, na sahani ya mizani ikaruka ikapita dirishani. Ilikwenda kuangukia kwa dobi, na wapo wanaosema iliendelea.

"Hiyo ilikuwa mizani ya mama," Pamba akasema. "Utamwambia wewe."

Huyo mama alikuwa ndiye mama mkwe wa Koleo. Siku ile mishtuko haikumwishia.

Wakaanza upya, kama mtu hajawahi kugusa mtu. Pamba alimwonyesha mkono mrefu wa kuteleza kwa mafuta, unaotangulia kabla ya mambo yote, ili mwili ujue nani amekuja. Akamwonyesha kufinya na kuachia, na kwamba kuachia ndiyo nusu ya kazi. Akamwonyesha kuzungusha kidole gumba palipo na fundo, na kubonyeza ukashikilia bila kusogea mpaka nyama yenyewe ilegee. Mahali pengine ni pa kupigapiga kwa ubavu wa kiganja, na mahali pengine ni kutikisa tu mguu kama mtu anayekung'uta mkeka. Shingo mbele, kwapani, nyuma ya goti, huko usizamishe kidole. Uzito mkubwa nao una kazi yake, Pamba akasema, kwenye paja la mbeba mizigo kwa mfano, lakini unaufikia polepole, na ukivamia mwili unajikaza, na wewe unadhani ni ugumu wa kuvunja, unaongeza, nao unazidi kujikaza.

"Sasa nitajuaje kama naumiza, kama mtu mwenyewe anasema ongeza?"

"Mdomo unajibu benchi. Wewe angalia vidole vya miguu. Vikikunjika, umezidisha."

 Koleo akakumbuka zile soksi. Miaka kumi na moja mzee hakuzivua hata Jumamosi moja, hata kwenye joto la kuyeyusha mishumaa. Akaweka mkono mdomoni.

Jioni akajaribu mkono mpya kwa mumewe. Mume akageuka. "Mke wangu, umefanya kosa gani? Niambie tu, sitakasirika."

Baada ya wiki moja akafungua chumba. Kitu cha kwanza alichukua kitambaa chenye maji, akafuta namba zote ukutani. Kinyozi alichungulia, akapiga yowe kama aliyeona moto, na benchi zima likaja kusimama kwenye pazia.

"Umefuta vyeo vyetu!" fundi seremala akalia. "Sasa tutajuanaje?"

"Mimi ni nne!" dereva akasema. "Nani atathibitisha?"

Hapo ndipo mzee alipoingia, kwa mlango wa mbele, bila koti wala helmeti. Wakampisha. "Mzee Tano! Umeona alichofanya binti yako?"

Mzee hakukaa. "Mimi ni moja," akasema.

Kinyozi akapunguza redio.

"Moja ya nini, Mzee?"

"Moja. Nusu, siku nyingine. Tano ile ilinila mkono, hamjui mlikuwa mnampisha nani." Akainua ule mkono wa kulia, vidole vitatu vikiwa vimekaa kama vya mtu mwingine. "Kiwiko kile nilikiomba mwenyewe, kila Jumamosi. Asimlaumu mtu binti yangu."

Fundi seremala alikuwa wa kwanza kuangalia viatu vyake. "Mimi ile nne niliyorudia, niliuma kamba ya mkanda," akasema. Dereva naye akakohoa, akasema kwamba akishakandwa huwa anapanda kwenye lori, anafunga vioo, analia kidogo ndipo anawasha injini. Kinyozi akasema yeye hakuwahi kuthubutu hata mbili, alikuwa anadanganya tu kwa kuwa wembe uko mkononi mwake.

Koleo alisikiliza yote hayo akiwa upande wa pili wa pazia, kitambaa kinadondosha maji miguuni pake.  Akamwita tu baba yake aje alale.

Wateja wakarudi, wengine kwa aibu, wengine kwa furaha. Lakini Koleo siku zile moyo wake ulikuwa kwenye vidole vitatu tu. Kila asubuhi kabla ya kazi alikwenda kwenye meza ya saa, wakaketi, mzee akafumba macho. Wiki ya pili hakuna. Wiki ya tatu kidole cha kati kikaamka, mzee akasema kinawasha kama kimeumwa na sisimizi, na Koleo akakimbia mtaa mzima kumwambia Pamba. Wiki ya tano kikafuata cha pete, nusu nusu. Cha mwisho kililala. Na bila cha mwisho, mzee alieleza, mkono hauna pa kuegemea juu ya meza, unatetemeka, na kazi ya saa haitaki mkono unaotetemeka.

Siku moja Koleo aliuliza, "Hiki?"

"Nasikia! Cha mwisho!" mzee akasema haraka, amefumba macho.

"Baba. Sijakugusa."

Mzee akafungua jicho moja. Akaona mkono wa binti yake uko mbali, mapajani. Akalifunga tena.

"Basi sisikii," akasema. "Sisikii kitu, mwanangu. Na ninaogopa."

Hilo la kuogopa Koleo hakuwahi kulisikia kinywani mwake tangu azaliwe.  Akamfunika ule mkono kwa mikono yake miwili, uzito wa robo kilo, wakakaa hivyo mpaka mteja wa kwanza akaanza kumwita kutoka nje.

Siku ya kurudi kwa daktari Koleo alichelewa kufika kwenye meza ya saa. Alikuwa ametoka kukamua taulo kwenye beseni, akaja anakimbia, akamkuta mzee ameshavaa shati la kutokea, amekaa, amefumba macho, mkono uko juu ya meza. Hakumwambia anaanza. Akagusa kidole cha mwisho, kwenye ncha, kwa uzito ambao hata mizani ya mama mkwe isingeuona.

Mzee akauvuta mkono wake kwa nguvu mpaka kiti kikarudi nyuma.

"Aa! Mkono wako wa baridi!" akafoka. "Ndiyo unavyogusa watu? Nenda kaupashe moto kwanza!"

Koleo akamwangalia.  Katika maisha yake yote baba yake hakuwahi kumlalamikia.

"Umesimama nini?" mzee akasema, bado amefumba macho, mkono ameurudisha mezani unangoja. "Pasha mkono, uje uguse tena. Na usikawie, droo yangu imejaa."